George Floyd: Dakika 9 au Miaka 46?

Marehemu hasemwi vibaya. Mwalimu anaanza na hilo, na kwake linatosha kuyafunga mazungumzo. Amesomesha historia katika sekondari za Mombasa mpaka akastaafu, na sasa yuko Brooklyn Park, kaskazini kidogo mwa Minneapolis, mji wenye Wakenya wengi, amekuja kumtembelea binti wa kaka yake. Binti huyo ni nesi wa zamu za usiku. Wa tatu ni jirani yao, kijana wa Uvira, Kongo, dereva wa trela anayesafirisha mizigo kati ya Minnesota na Texas. Watatu hawa ni sauti zilizopangwa kwa ajili ya mjadala. Watu wanaowataja kwa majina na mambo wanayoyasimulia ni ya kweli.

Kinachobishaniwa ni hiki: maisha ya George Floyd, aliyeuawa na polisi wa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, yasimuliwe yote, pamoja na jela na dawa za kulevya, au watu waambiwe namna alivyokufa, basi?

Mwalimu ana sababu iliyo zaidi ya adabu. "Wanaotaka kumtetea yule askari wameishiwa," anasema. "Video ipo, dunia nzima imeiona. Watakimbilia wapi? Watakimbilia faili lake. Watasema alikuwa mwizi, watasema alikuwa mla unga. Kila mkitaja jela mnawasaidia kazi."

Halafu anarudi darasani. Tarehe 2 Machi 1955, mjini Montgomery, Alabama, msichana wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, akaburutwa na polisi hadi kituoni. Ilikuwa miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Viongozi wa watu weusi wa mji ule walimjua Claudette, na wakaamua asiwe sura ya mapambano. Alikuwa mdogo, alikuwa mwepesi wa hasira, na baadaye akapata mimba kabla ya kuolewa. Wakangoja. Alipokamatwa Rosa Parks mwezi Desemba, fundi cherehani mwenye heshima zake na katibu wa tawi la chama cha kutetea haki, wakajua wamempata mtu wao. Mgomo wa mabasi ukadumu siku 381.

"Hawakuwa wajinga wale," Mwalimu anasema. "Walijua adui anatafuta doa. Wakamnyima doa."

"Ami, umeisimulia nusu," Nesi anajibu.

Kesi iliyovunja ubaguzi katika mabasi ya Montgomery haikuwa ya Rosa Parks. Ilikuwa Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa na wanawake wanne, na mmoja wao alikuwa Claudette Colvin. Binti aliyeonekana hafai kuwekwa mbele ya kamera alisimama mbele ya majaji akatoa ushahidi, na Mahakama Kuu ya Marekani ikauthibitisha ushindi huo Novemba 1956. Doa na mimba havikuzuia chochote pale ilipohitajika haki yenyewe. Mwalimu anacheka, anakiri kwamba hiyo amepigwa, lakini hasogei: mahakama ni mahakama, anasema, na barabarani ni kwingine. Watu milioni hawaingii barabarani kwa ajili ya hati ya mashtaka.

Hapo Nesi anamrudisha kwenye usiku wenyewe wa Mei 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis ilisema mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya wakati polisi wakishughulika naye. Ilieleza kwamba alikuwa amewapinga maafisa, kwamba walifanikiwa kumtia pingu, wakagundua anaonekana mgonjwa, wakaita gari la wagonjwa. Goti la askari halikutajwa. Shingo haikutajwa. Kama si Darnella Frazier, msichana wa miaka 17 aliyekuwa anapita na binamu yake mdogo kuelekea dukani, akasimama akarekodi kwa simu yake, karatasi ile ndiyo ingekuwa historia ya George Floyd. Mwaka uliofuata bodi ya tuzo za Pulitzer ilimpa Darnella heshima maalumu kwa video hiyo.

"Kwa hiyo habari ya mtu huyu ilianza kwa kufichwa kitu," Nesi anasema. "Na wewe unataka sisi tuifiche upande wa pili. Ukificha jambo ambalo adui analo mkononi, siku akilitoa linaonekana ni kubwa kuliko lilivyo."

Mwalimu anataka kujua wapi mambo hayo yaliwahi kusemwa hadharani yakamsaidia marehemu. Nesi ana jibu tayari, kwa sababu aliifuata kesi ya Derek Chauvin, askari aliyemwekea Floyd goti shingoni, siku kwa siku, akitoka zamu asubuhi na kuwasha televisheni kabla ya kulala.

Sheria ya Minnesota inauruhusu upande wa mashtaka kuwaonyesha kidogo wanaoamua kesi kwamba aliyekufa alikuwa mtu hai, mwenye watu wake. Wanasheria wa huko wanaiita cheche ya uhai. Majimbo mengi hayana kitu hicho. Basi tarehe 12 Aprili 2021 akapanda kizimbani Philonise Floyd, mdogo wa marehemu. Hakuzungumza siasa. Alieleza kwamba nyumbani kaka yao aliitwa Perry, kwamba alikuwa mtoto wa mama kupita kiasi, anamning'inia mama hata akiwa mtu mzima. Kwamba alipokuwa kijana alipenda kupima urefu wake ukutani, kwa sababu alitaka sana kurefuka. Kwamba hakujua kupika hata kuchemsha maji, lakini wadogo zake hawakulala njaa: aliwatengenezea mikate ya ndizi iliyopakwa mayonesi, na alihakikisha nguo za shule zipo tayari.

"Mikate ya ndizi na mayonesi," Dereva anarudia, na uso wake unaonyesha kwamba chakula hicho hakimvutii hata kidogo.

Mwalimu anaona hapa ametetewa. "Ndiyo hayo ninayoyasema mimi! Mdogo mtu alisimama mbele ya mahakama, akasimulia mikate. Alitaja jela?"

Hakutaja. Lakini siku kumi na moja kabla yake, Nesi anamkumbusha, upande uleule wa mashtaka ulimleta mpenzi wa Floyd, mwanamke aliyekuwa naye kwa karibu miaka mitatu, akasema wazi kwamba wote wawili walikuwa na uraibu wa dawa za maumivu. Walianza kwa vidonge vya daktari, kwa maumivu ya kweli ya mwili, kama Wamarekani wengine chungu nzima. Walijaribu kuacha, wakaacha, wakarudia. Waendesha mashtaka hawakungoja utetezi uyatoe hayo kwa mshangao. Waliyatoa wenyewe, kwa mdomo wa mtu aliyempenda.

Kisha likaja lililomfanya Nesi asilale siku hiyo. Martin Tobin, daktari bingwa wa mapafu kutoka Chicago, aliwafundisha wanajopo kupumua ni nini. Mtu akilazwa kifudifudi juu ya lami, mikono imefungwa pingu mgongoni na kusukumwa juu, goti shingoni na jingine ubavuni, kifua chake kimebanwa pande mbili: chini barabara, juu mwili wa mtu. Ili hewa iingie, mbavu lazima zipanuke. Zake hazikuwa na pa kupanukia. Tobin aliwaonyesha kwenye video Floyd akisukuma kwa vidole na kwa vifundo vya vidole, akijaribu kuinua upande mmoja wa kifua ili apate hewa kidogo. Watu waliokuwa wakisikiliza walijikuta wanashika shingo zao wenyewe, kwa maelekezo yake.

Utetezi ulikuwa umejenga nyumba yake juu ya fentanili, dawa kali ya maumivu, kwa sababu ilikutwa kwenye damu, na fentanili huua kwa kupunguza pumzi. Tobin hakubishana kuhusu uraibu. Alihesabu. Kutoka kwenye video alihesabu mipumuo ya Floyd kabla hajazimia, akapata wastani wa 22 kwa dakika, ambao ni wa kawaida kabisa. Mtu anayeuawa na fentanili hapumui hivyo. Pumzi zake zinapungua, zinakuwa za mbali mbali, analala usingizi asioamka. Na mtu mwenye afya njema, daktari alisema, akiwekwa vile naye angekufa. Goti lilikaa dakika 9 na sekunde 29. Mmoja wa maafisa alitafuta mapigo ya moyo akasema hayapati. Goti halikuondoka.

"Mimi kila usiku nahesabu pumzi za watu," Nesi anasema. "Ni kazi ya kwanza unayofundishwa. Pale kwenye lami walikuwapo maafisa wanne na hakuna aliyehesabu. Sasa niambie, Ami: kutaja dawa za kulevya kulimharibia nini marehemu? Zilitajwa zote, na Chauvin alipatikana na hatia kwa mashtaka yote matatu tarehe 20 Aprili, akafungwa miaka 22 na nusu."

Katika sehemu hii ya mjadala Nesi ana nguvu kuliko Mwalimu, na ni haki kusema hivyo. Kesi ile ndiyo jaribio kubwa kuliko yote la swali lao, na matokeo yake yanajulikana.

Lakini Dereva anaona wote wawili wanakosea mahali pamoja. Wanazungumza kuhusu jela kana kwamba ni aibu ya Floyd, wakibishana tu kama aibu hiyo isitiriwe au isemwe. Yeye anauliza ni aibu ya nani.

Safari zake zinampeleka Houston mara kwa mara, na ameingia Third Ward, mtaa aliokulia Floyd. Floyd alizaliwa Fayetteville, North Carolina, tarehe 14 Oktoba 1973. Wazazi walipoachana, mama yake, Larcenia, aliwachukua watoto wakahamia Texas, wakafikia Cuney Homes, nyumba za umma za matofali zilizojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu weusi, nyakati ambazo Houston iligawa makazi kwa rangi bila kificho. Mvulana alisoma Jack Yates High School. Na hapo Dereva anamgeukia Mwalimu, kwa sababu anajua atapenda.

Jack Yates alizaliwa mtumwa. Baada ya uhuru akawa mchungaji wa Kibaptisti Houston, na mwaka 1872 yeye na wenzake waliochangishana fedha wakanunua ekari kumi za ardhi, ili watu wao wapate mahali pa kusherehekea kila mwaka siku habari za uhuru zilipofika Texas, tarehe 19 Juni. Bustani hiyo, Emancipation Park, ipo mpaka leo, katika Third Ward hiyohiyo. Mtoto wa darasa la pili aliyeishi karibu na hapo aliandika katika insha kwamba akikua anataka kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, agonge nyundo mezani watu wanyamaze. Mwalimu wake aliitunza karatasi. Jina lililoandikwa juu yake ni George.

"Insha hiyo ipo?" Mwalimu anauliza.

"Ipo, Mwalimu. Mwalimu wake alikuwa amewafundisha habari za Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo."

Mwalimu anatikisa kichwa, na kwa muda anasahau alikuwa upande gani.

Kuna la mbali zaidi. Robert Samuels na Toluse Olorunnipa, wakati huo wanahabari wa gazeti la Washington Post, waliufuata ukoo wa Floyd katika kitabu kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2023. Walimkuta babu wa vizazi vinne nyuma, Hillery Thomas Stewart, aliyezaliwa utumwani North Carolina, na ambaye baada ya uhuru alilima na kununua mpaka akafikisha ekari zipatazo 500. Ardhi hiyo yote ilitoka mikononi mwake kwa hila za wazungu wa wilaya yake, na watoto wake wakabaki vibarua katika mashamba ya tumbaku ya wenzao. Kama ekari hizo zingerithiwa, Larcenia hangekuwa na sababu ya kuhamia nyumba za umma kwenye jimbo la mbali.

"Huo ni ukisiaji," Mwalimu anasema. "Historia haina kama."

"Sawa. Basi tuzungumze karatasi."

Dereva anajua tarehe. Floyd alikuwa kijana mrefu mno, karibu mita mbili, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyefika na timu ya Yates fainali ya jimbo mwaka 1992, katika uwanja wa Astrodome. Walifungwa. Alipata nafasi ya kucheza mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha Florida, akahamia chuo kingine Kingsville, Texas, akaondoka bila shahada. Akarudi Third Ward. Alirap kwa jina la Big Floyd katika kanda za DJ Screw, ambazo leo ni hazina ya muziki wa Houston, ingawa umaarufu huo haukulisha watu wengi. Na kati ya 1997 na 2005 alihukumiwa mara nane, nyingi zikiwa kesi za dawa za kulevya kwa vipimo vidogo.

Katika hizo iko ya Februari 2004. Alishtakiwa kwa kokeini ya thamani ya dola 10 na akafungwa miezi 10 katika jela ya jimbo. Shahidi alikuwa mmoja tu, afisa aliyemkamata, Gerald Goines. Miaka 15 baadaye, Januari 2019, Goines huyo alimdanganya hakimu kwamba mtoa habari wake alinunua heroini katika nyumba moja ya Harding Street, Houston. Polisi wakavunja mlango, na mke na mume waliokuwa ndani wakapigwa risasi wakafa. Mtoa habari hakuwapo, Goines alimtunga. Hukumu nyingi zilizotegemea neno lake zikaanza kufutwa, na mwaka 2024 yeye mwenyewe akapatikana na hatia ya mauaji, akahukumiwa miaka 60.

"Sasa Mwalimu," Dereva anasema, "wewe unataka tulifiche faili. Mimi nasema lifunguliwe lote, tusome na jina la aliyeliandika."

Kimya kidogo. Anayekivunja ni Nesi, na hakubaliani na mtu ambaye hadi hapo alikuwa upande wake.

"Kaka, usiharakishe. Kuna ya 2007."

Mwaka huo watu kadhaa waliingia kwa hila na nguvu katika nyumba ya mwanamke mmoja Houston, wakitafuta fedha na dawa. Mwanamke huyo alimtambua Floyd kuwa ndiye aliyemwelekezea bastola tumboni. Mwaka 2009 Floyd alikiri kosa mbele ya mahakama, akahukumiwa miaka mitano, akatoka kwa msamaha wa masharti Januari 2013. Baada ya kifo chake watu waliongeza mtandaoni kwamba mwanamke yule alikuwa mjamzito, jambo ambalo halimo katika hati za mahakama, wakasambaza na picha za mtu mwingine. Uongo huo ukanushwe kila unapotokea. Lakini bastola imo katika hati.

"Yule mama naye ni mtu," Nesi anasema. "Alikuwa nyumbani kwake. Tukisema kila kosa la Floyd lina mzungu nyuma yake, tunamfuta yeye, na tunamfuta Floyd mwenyewe, maana yeye hakujiona hivyo. Alipotoka jela alijua ana la kujirekebisha. Ndiyo maana alifanya aliyoyafanya baadaye."

Aliyoyafanya baadaye ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo husimuliwa kwa uchache kuliko zote, na pengine ndiyo iliyo tajiri kuliko zote. Alirudi Cuney Homes akiwa na miaka 39, akajiunga na kanisa dogo lililokuwa likianza huduma katika mtaa huo, likisali kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Wachungaji walikuwa wageni. Floyd alikuwa mwenyeji, tena mkubwa wa umbo na wa jina. Neno lake liliwafungulia njia. Alipanga viti, akafagia, na siku za ubatizo alibeba beseni kubwa la maji hadi katikati ya uwanja ili watu wa mtaa wabatizwe mbele ya majirani zao. Alijirekodi akiwaomba vijana waache bunduki, akiwaambia kwamba yeye mwenyewe ana mapungufu yake wala si bora kuliko mtu mwingine.

Hatimaye alikwenda Minneapolis, kwa njia ambayo wanaume kadhaa wa Third Ward waliipita kabla yake: kituo cha kutibu uraibu, kisha kazi, mbali na kona za zamani. Alikuwa mlinzi wa makao ya wasio na nyumba ya Jeshi la Wokovu katikati ya jiji. Baadaye akawa bausa wa klabu ya muziki wa Kilatini. Akaendesha lori pia, na kwa hili Dereva anatabasamu. Mama yake akafariki Mei 2018, na waliomjua wanasema hakuwa yule tena. Machi 2020 korona ikazifunga klabu, kazi ikaisha. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba na yeye alikuwa ameambukizwa. Alipokuwa chini ya goti akiita mama, mama alikuwa kaburini karibu miaka miwili.

Mwalimu haoni tena sababu ya kutetea ukimya mtupu. Anabadilisha hoja, na hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Tuseme yote yamesimuliwa, anasema. Kwa wengine, huku kwetu, yalifaa nini? Anakumbuka Juni 2020 Nairobi. Kafyu ya korona ilikuwa imeanza mwishoni mwa Machi, na siku chache baadaye mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, mtaa wa Kiamaiko. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ilikuwa imehesabu vifo 15 vilivyohusishwa na polisi katika kafyu hiyo. Watu wa Mathare waliandamana tarehe 8 Juni, na Kibera ukachorwa ukutani uso wa Floyd na neno haki. "Hakuna aliyeuliza Kibera kama Floyd alibeba beseni la ubatizo," Mwalimu anasema. "Waliuona uso, wakamwona mtoto wao. Ilitosha."

Dereva anakubali kwamba uso husafiri kwa kasi. Kwao Kongo anayo yake: wiki chache baada ya kifo cha Floyd, sanamu ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kwa ukatili, iling'olewa Antwerp, na tarehe 30 Juni 2020, Kongo ikitimiza miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia rais Félix Tshisekedi kueleza majuto yake makubwa kwa ukatili wa zamani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfalme wa Ubelgiji kusema hivyo. Hakuomba msamaha, lakini babu za Dereva hawakuyapata hata hayo majuto.

Nesi hataki majibu yabaki Ulaya na Nairobi. Anaonyesha dirisha kwa kidevu. Brooklyn Center ni mji wa jirani kabisa. Tarehe 11 Aprili 2021, kesi ya Chauvin ikiendelea, polisi wa huko alimsimamisha kijana wa miaka 20, Daunte Wright, akampiga risasi, na akasema alidhani ameshika kifaa cha umeme. Si mbali na chumba cha mahakama. Kesho yake Philonise ndipo alipopanda kizimbani kusimulia mikate. Jioni ile gavana alitangaza marufuku ya kutoka nje, na yeye, nesi wa usiku mwenye ngozi nyeusi, alilazimika kwenda kazini na kitambulisho cha hospitali kimening'inia shingoni, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Sikuwa nafikiria uso wa ukutani," anasema. "Nilikuwa najiuliza, nikisimamishwa, mimi nina nini kwenye faili langu? Na nikajiona ninavyojihesabu: sijawahi kufungwa, ninalipa kodi, nina cheti. Nilikuwa najiandalia utetezi wa kuishi. Ndiyo maana nataka Floyd asimuliwe na jela yake. Rosa Parks angeniambia niwe safi nisiuawe."

Mwalimu haongei kwa muda. Anapoongea anauliza kuhusu serikali: imefanya nini? Hapa majibu yanakuja haraka, kwa sababu si mengi. Jiji lililipa familia dola milioni 27. Madiwani wengi waliahidi kuivunja idara ya polisi. Novemba 2021 wapigakura wa Minneapolis walilikataa pendekezo la kuweka idara mpya mahali pake, kwa asilimia 56 hivi. Muswada wa kurekebisha polisi uliopewa jina la Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi mara mbili, Juni 2020 na Machi 2021, ukafia katika Seneti. Mei 2025, siku chache kabla ya kutimia miaka mitano, Wizara ya Sheria ya Marekani iliiomba mahakama iyafute makubaliano ya kuisimamia polisi ya Minneapolis. Yamebaki yale ya jimbo la Minnesota.

"Na ile kesi ya dola 10?" Mwalimu anauliza. "Ya huyo Goines. Ilifutwa?"

Wanasheria wa umma wa Houston waliomba msamaha wa baada ya kifo. Oktoba 2021 bodi ya Texas, kwa kura za wote, ilimshauri gavana Greg Abbott autoe. Desemba, bodi hiyohiyo ikaurudisha ushauri wake nyuma, ikataja kasoro za utaratibu. Septemba 2022 ikawajibu walioomba kwamba imekataa, na kwamba wanaweza kuomba tena baada ya miaka miwili.

"Kwa hiyo neno la Goines bado limesimama juu yake," Mwalimu anasema. "Mwongo yuko jela miaka 60 na ushahidi wake haujaguswa. Basi hilo lisifichwe. Hilo mimi mwenyewe nitalisomesha."

"Na bastola?" Nesi anamuuliza.

"Bastola pia, mwanangu. Lakini nitaanza na ile bustani ya 1872."

Dereva anasema aanze na beseni. Nesi anakataa: aanze na vidonge vya daktari, kwa sababu katika darasa lolote la Mombasa atakuwapo mtoto mwenye kaka anayetumia unga, na mtoto huyo atataka kujua kama kaka yake naye ni wa kuhesabiwa. Mwalimu anadai kwamba hakuna somo la historia linaloanzia kwenye kidonge, na mabishano yanaanza upya.